Namna ya Kuvusha Mchoro wa Antena Usimwagike Njiani

Wewe uliyeko Goweko, unayetaka kufunga kipima uzito kwenye mzinga ndani ya miombo ili kikuarifu kwa redio asali ikijaa, sogea karibu. Antena yako ya 868 MHz utaichora kwenye KiCad, programu ya kuchora bodi za saketi, kisha utaijaribu kwenye openEMS, programu inayokokotoa mwendo wa mawimbi ya sumakuumeme. Zote mbili ni za bure. Kazi iko kwenye kuuvusha mchoro kutoka ya kwanza kwenda ya pili.

Reli ya Kati inayopita hapo kwenu ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA ina 1,067. Milimita 67 tu, lakini zinatosha kufanya mizigo ishushwe Kidatu, reli hizo zinapokutana, na kupakiwa upya. Mchoro wako nao utashushwa, na kuna vitu vitabaki chini.

Anza na vipimo. Robo ya wimbi hewani kwa masafa hayo ni kama milimita 86, yaani inchi 3.4. Faili ya DXF inayoubeba mchoro huweza kufika bila kutaja kipimo chake. Programu ikizidhani 86 hizo ni inchi, utakuwa na antena ya mita mbili na ushee, na mzinga utaomba msaada. Ikizidhani 3.4 ni milimita, nyuki ataizidi urefu. Kwa hiyo, mchoro ukishaingia tu, pima kitu kimoja unachokijua.

Kisha andika kwa mkono yale ambayo picha bapa ya shaba haiyasemi: bodi ya FR4 yenye unene wa milimita 1.6, kigezo chake cha dielektriki karibu 4.4, shaba ya milimita 0.035.

Sasa fagia, na hapa usiwe na haraka. Maandishi, majina ya vipuri na vikona vidogovidogo viondoe, kwa sababu openEMS hukata nafasi vipande vipande, na kipande kidogo kuliko vyote ndicho kinachopanga urefu wa kila hatua ya muda. Herufi moja iliyosahaulika yaweza kuichosha kompyuta usiku kucha. Ila shaba ya ardhi, nakusihi, usiiguse! Kwa antena ya robo wimbi, hiyo ni nusu ya pili ya antena. Ukiikata ili mchoro upendeze, majibu yatakuwa ya antena nyingine kabisa.

Poti ya omu 50, inayoilisha antena kwenye openEMS, iguse shaba pande zote mbili. Mwanya wa unywele huikatia njia. Pembeni acha hewa ya robo wimbi.

Majibu yakisema punguza milimita mbili, rudi KiCad ukapunguze huko, kisha uvushe upya. Ukipunguza upande wa openEMS pekee, kiwanda kitakutengenezea antena ile ile ya zamani, nayo itamaliza betri porini huku ikikusimulia habari za asali usizozisikia.