Herufi ya Alama Kumi

Kwa Ami yangu mpendwa na jamaa wote wa nyumbani Mombasa,

Mimi huku Leicester ni mzima wa afya, na lau si baridi iliyoniingia mifupani bila ya kupiga hodi, ningalisema sina la kushtakia. Katika barua yako uliniuliza Waingereza hushinda vipi jioni, maadhali hawana baraza, hawana bao wala muuza kahawa wa kupita na dele lake, na jirani haingii kwa jirani ila kwa mwaliko wenye tarehe na saa. Jawabu langu litakustaajabisha: husoma kamusi. Wala hawaisomi kwa kutafuta maana, la hasha. Huisoma kwa kutafuta silaha za mchezo uitwao Scrabble.

Mchezo huo ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1930 na msanifu majengo aitwaye Alfred Butts, ambaye dhiki ya uchumi ya zama zile ilimnyima kazi. Naye, kwa kukosa nyumba za kuchora, akakaa kuhesabu herufi katika kurasa za magazeti, ajue ipi imejaa na ipi ni adimu, ili kila moja aipe thamani yake. Mfukoni mna vipande mia, kila mchezaji huchota saba, na mwenye kupanga neno juu ya ubao hulipwa kwa hesabu ya herufi zake. E, iliyotapakaa kila mahali, ina alama 1. Q, ambayo katika mfuko mzima ni moja tu, ina alama 10. Walakini Q ya Kiingereza ni kama bibi harusi asiyetoka ila na somo yake, na somo mwenyewe ni U. Na U hizo ni nne tu, aghalabu zi mkononi mwa hasimu wako. Aliyeshikwa na Q pasipo U ndiye mtu pekee nchini humu nimwonaye akitokwa na jasho.

Hapo ndipo maneno mafupi yanapofaa. Kamusi ya wachezaji wa huku, iitwayo Collins, ina maneno 127 ya herufi mbili, na asiyeyahifadhi huchekwa. Kuna AI, mnyama wa Amerika ya Kusini mwenye kucha tatu na uvivu usio kifani. Kuna XU, sarafu ya zamani ya Vietnam. Kuna JO, ambalo kwa Waskoti ni mpenzi. Kuna ZA, yaani piza, ya watu wenye haraka hata hawawezi kuisubiri silabi ya kwanza. Na kuna QI, nguvu ya uhai katika ilimu ya Wachina, ambayo imewaokoa Waingereza wengi kuliko tabibu. Kisha yuko ZO, ng'ombe chotara wa milima ya Himalaya, ambaye ukitaka waweza kumwandika DZO, au ZHO, au DSO, au DZHO: mnyama mmoja, majina matano. Bibi mwenye nyumba ninamopanga alipompanga ubaoni, nilimuuliza kama nyama yake yaliwa. Akanijibu kwa upole kuwa hajui, wala hana haja ya kujua, na kwamba zamu ni yangu.

Nilidhani ni bibi huyu tu, kumbe ndiyo sharia ya mchezo wenyewe. Mwaka 2015 mtu wa New Zealand aitwaye Nigel Richards alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa hali Kifaransa hakijui. Alikaa majuma kama tisa akihifadhi kamusi yao, akaenda, akawashinda wenye lugha, na alipotakiwa kuzungumza ilibidi atafutiwe mkalimani. Usicheke, Ami. Nasi chuoni tulihifadhi juzuu nzima kabla ya kujua aya moja yasema nini, na Maalimu hakutuuliza maana. Alituuliza herufi, na bakora alikuwa nayo. Mwaka ule ule Mnijeria Wellington Jighere alinyakua ubingwa wa dunia wa Kiingereza huko Perth, Australia, akiwa Mwafrika wa kwanza kuupata. Na wenziwe wa Nijeria husifika kwa kuyashikilia maneno mafupi hata wanapoweza kupanga marefu. Habari hiyo niliitaja mezani kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Sasa sikiliza ajabu yenyewe. Maneno yenye Q isiyo na U, ambayo Waingereza huyahifadhi kwa taabu mithili ya dawa chungu, mengi yake ni ya kwetu: QADI ndiye kadhi wetu, QIBLA ni kibla, WAQF ni wakfu, FAQIR ni fakiri, na NIQAB ni ile ninayoijua tangu utotoni. Kuna hata QAT, ambayo ni miraa. Serikali yao imeiharimisha tangu 2014, lakini ubaoni ni halali, tena kwa tahajia tatu, QAT, KAT na KHAT. Kiswahili nacho hakikuachwa: UGALI umo, SHAMBA limo, MZEE yumo, na UHURU umo pia, tena kwa fadhila zao huweza kutiwa S mwishoni, zikawa UHURUS, kwa watakao zaidi ya mmoja.

Alhasili, Ijumaa iliyopita mume wa yule bibi, akiwa nyuma kwa alama nyingi na Q ikimchoma mkononi, alipanga TALAQ mbele ya mkewe, waziwazi, na mimi shahidi. Mwili ulinisisimka, maana wajua tumelelewa kuwa neno hilo halina mzaha, na masheikh hufundisha kuwa aliyelitoa kwa utani na aliyelitoa kwa kusudi hukumu yao ni moja. Fauka ya hayo, alilipanga katikati ya ukingo wa ubao, juu ya chumba chekundu kinachozidisha neno mara tatu. Tatu, Ami! Mke hakupiga kelele wala hakudai baki ya mahari. Alivaa miwani, akahesabu 14 mara 3, akaandika 42, akamsifu mumewe, kisha akaenda kumtilia chai. Nilipomuuliza mzee kama alijua alichokipanga, alinijibu kuwa adhani ni aina ya kitambaa, au pengine pilipili.

Basi nina swali, nawe u karibu na kadhi kuliko mimi. Muulize, pasi na kumtaja mtu: mume si Mwislamu, nia hakutia, kutamka hakutamka, na L alimkuta mkewe ameiweka tangu awali. Je, imepita? Na ikiwa imepita, eda yahesabiwa tangu neno lilipopangwa, au tangu vipande viliporudishwa mfukoni? Nijibu upesi, kwa sababu bibi amekwisha kunialika Ijumaa ijayo, na wale wawili wangali wakilala chumba kimoja.

Wasalaam,
Mwanao