Jinsi ya Kumiliki Kamera Bila Kupata Ndugu

Umenunua kamera. Umeipata Kariakoo, imetumika kidogo, na muuzaji ameapa kwamba aliyekuwa nayo ni mchungaji. Nia yako ni safi: kutoka Jumapili asubuhi, kupiga picha mbili tatu, kuzitupia mtandaoni, kisha kurudi nyumbani kula. Urafiki na mtu usiyemjua hukuutafuta. Basi soma haya kabla hujapakia picha ya kwanza.

Piga machweo tu

Jua linazama Forodhani, vijana wanajirusha baharini, jahazi linapita palepale linapotakiwa: hiyo ndiyo picha salama. Kufikia saa nne usiku itakuwa imevuna mioyo na mashallah za kutosha, na asubuhi hakuna atakayekumbuka ni ya nani. Machweo hayana namba, hayana kiwanda, hayana jina la kitaalamu, kwa hiyo hakuna wa kukuuliza lolote. Hatari imo kwenye picha mbaya, ile iliyopinda, yenye kitu pembeni ambacho hukukiona wakati unabonyeza.

Kaa mbali na garimoshi

Tuseme umekwenda Nairobi kwenye harusi ya binamu, ukampeleka mchumba Makumbusho ya Reli, ukampiga picha ameegemea injini kubwa ya zamani. Wewe unamwona mchumba. Ila nyuma ya bega lake inasomeka 5918, na hiyo ni Mount Gelai, moja kati ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, zikapewa majina ya milima yetu. Hakuna injini za mvuke zilizozishinda nguvu kwenye reli ya upana wa mita moja, popote duniani.

Hukuyajua hayo? Wako wazee Uingereza wanaoyajua, na mmoja atakuandikia kwa adabu nyingi: hongera kwa picha, je, siku moja unaweza kurudi upige ule upande wa pili, karibu na magurudumu ya nyuma? Mchumba hatatajwa.

Ukirudi, umekwisha. Utamuuliza babu yako mstaafu wa reli kama aliwahi kuipanda, naye atakaa kitako akueleze hadi chai ipoe. Baada ya muda babu na yule mzee wa Uingereza watakuwa wanaandikiana, na wewe utakuwa mkalimani wao, bila mshahara na bila likizo.

Mdudu mwache aende zake

Guek Hock Ping, Mmalaysia anayependa kupiga picha porini, hakuna aliyemwonya. Mwaka 2011, msituni kaskazini mwa Kuala Lumpur, alipiga picha ya mdudu wa kijani mwenye mbawa kama wavu, zenye mchoro mweusi na vidoa vya buluu karibu na shina. Akamwacha akaruka, picha akaiweka Flickr, mtandao wa kuonyeshana picha.

California, mtaalamu wa wadudu Shaun Winterton alikuwa anapitia picha za watu tu, akaganda kwenye hiyo. Akawaonyesha wenzake, hakuna aliyemtambua mdudu. Akamwandikia mpigapicha: unaye? Hakuwa naye tena. Ilipita kama mwaka mzima, Guek akarudi msituni, akamnasa mwingine, akauliza: yuko kwenye kopo mezani kwangu, nifanyeje?

Mdudu akasafirishwa hadi London, kwa Stephen Brooks wa Makumbusho ya Historia ya Asili, ambaye alikuta mwenzake amehifadhiwa humohumo kwa miaka mingi bila kujulikana. Wote watatu wakaandika makala kupitia mtandao, kila mmoja akiwa bara lake, na mwaka 2012 spishi mpya ikatangazwa: *Semachrysa jade*. Jade ni nani? Ni binti wa Winterton. Kwa hiyo usijipe moyo: unaweza kurudi porini, ukanasa mdudu, na jina akapewa mtoto wa mwenzio.

Usikubali kuonana

Aliyekuandikia kuhusu picha yako ataanza kwa kukuuliza unatumia lenzi gani. Kisha atasema anapita Dar, siku mbili tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu atakubebesha wewe stendi ya kamera, umpeleke Feri alfajiri akapige picha wavuvi wakishusha samaki. Mama atamwita mwanangu. Akiondoka atasahau chaja, na utajua fika kwamba hakuisahau.

Hili si mzaha

Simu, na kamera nyingine pia, huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Mitandao mingine huifuta taarifa hiyo unapopakia, mingine huiacha. Izime mwenyewe kwenye mipangilio, hasa kwa picha za nyumbani na za watoto. Faru naye umsitiri: mtalii akiona picha yake atafurahi, na jangili atasoma ramani.

Kwa aliyechelewa

Ukichunguza utaona mitego hii yote ina mlango mmoja, nao si uzuri wa picha. Picha nzuri hupendwa, watu wakapita. Anayebisha hodi ni yule aliyeona namba, doa la bawa, jina la boti, kitu alichokitafuta miaka na wewe ukakipiga bila kujua. Kwa hiyo ukitaka amani, usiandike mahali, tarehe wala jina la chochote. Andika "Jumapili njema", ongeza moyo, ulale.

Kama umeshaandika maelezo kamili, basi yajibu maswali, ila tarehe ihakikishe kwanza. Mwenzio wa upande wa pili anazo kumbukumbu zake, na ukikosea hata mwezi atakuandikia tena.