Injini Haina Kosa

Shemeji yangu ana kibanda umiza cha kuonyeshea mpira Mbagala, na kwa mujibu wake umeme haukatiki siku ambayo hana wateja. Husubiri Simba na Yanga. Kwa ajili ya siku hiyo alinunua jenereta ndogo ya petroli, akaitia stoo chini ya turubai, kisha akaisahau mpaka watani wa jadi walipokutana tena.

Umeme ukakatika kama ilivyotarajiwa. Jenereta ikatolewa, ikavutwa kamba, ikawaka bila kusumbua. Muungurumo safi, haikohoi, haitoi moshi wa ajabu. Ilichokataa kutoa ni umeme tu.

Hapo ndipo nilipoamini kwamba nchi hii haina uhaba wa mafundi. Watu walishalipa kiingilio, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na haki ya kutoa ushauri. Mmoja akasema plagi imechafuka. Dereva wa bajaji akafungua kabureta, akaipuliza kwa mdomo, akatema petroli hadi kwenye kandambili za shemeji. Mwingine akasema mafuta yamechakachuliwa. Mzee mmoja wa Yanga akatangaza kuwa huo ni mchezo wa watu wa Simba, nao wa Simba wakamjibu kwamba pesa zao pia ziko kwenye kibakuli cha viingilio. Hakuna aliyejiuliza injini inayozunguka vizuri namna ile ina kosa gani.

Maana kazi ya injini ni kuzungusha tu. Hizi jenereta ndogo, rota yake huzunguka kama mara 3000 kwa dakika, ndiyo tukapata umeme wa hezi 50. Lakini rota isiyo na usumaku hata uizungushe mpaka alfajiri, hupati kitu. Usumaku wake hutoka kwenye umeme wa DC unaopita kwenye kaboni mbili, na anayeugawa umeme huo ni AVR, kidude kidogo cha kudhibiti volti, kilichomwagiwa gundi ngumu ili mtu asijifanye anakitengeneza. Sasa kioja ni hiki: AVR hupata umeme wake kutoka kwenye jenereta ileile inayomsubiri yeye aipe umeme. Kinachowaanzisha wote wawili ni usumaku kidogo unaobaki kwenye chuma cha rota tangu ilipozimwa mara ya mwisho. Jenereta ikilala sana stoo, masalia hayo hufifia, na hapo kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie.

Aliyeyajua haya ni kijana mmoja msuka mota, aliyekuwa amekaa kimya nyuma kabisa na soda yake. Alipochoka kusikiliza akachukua mita, akaingiza waya zake kwenye soketi. Volti mbili na ushee.

“Kaka, hii nzima,” akamwambia shemeji.

“Dogo, nadai volti 230, wewe unaniletea mbili halafu unasema nzima?”

Kijana hakubishana. Alizima injini, akafungua mfuniko wa nyuma, akachomoa waya za AVR asije akaiunguza, akapima rota kwenye kaboni: haijakatika. Akazitazama na kaboni zenyewe, bado ndefu. Akaomba betri ya bodaboda, ya volti 12. Injini ikawashwa, akagusisha waya kwenye kaboni, chanya kwa chanya, kwa sekunde chache tu. Balbu iliyochomekwa kwenye soketi ikawaka kwa unyonge. Kwa hiyo waya za ndani ziko salama zote, na rota imeshaonjeshwa usumaku. Akaizima, akarudisha AVR mahali pake, akawasha tena. Kibanda kikang'aa na watu wakapiga kelele kana kwamba bao limefungwa. Kwa kweli lilikuwa limefungwa, ila sisi hatukuliona.

Hadithi ingeishia hapo kama shemeji angekuwa mtu wa kuridhika. Kesho yake akaamua kununua AVR mpya “kwa usalama”, ingawa ile ya zamani haikuwa na tatizo lolote. Fundi mwingine, mwenye maneno mengi kuliko vifaa, akamfungia, na waya mmoja ukabaki unaning'inia. Akasema ni wa ziada. Waya huo ndio AVR hutumia kuonja volti zinazotoka. Ukiukata, AVR inadhani nje hakuna kitu, inazidi kusukuma, kama mama mkwe anayekupakulia wali gizani bila kuona kwamba sahani imeshafurika. Mita ilipokuja kuletwa ilisoma zaidi ya 300. Wakati huo king'amuzi kilishatoa harufu, na televisheni ilishatoa mlio mmoja mfupi. Fundi akasema tatizo ni injini, resi imezidi.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kwenye maduka ya Gerezani kununua AVR, nakuomba: beba ile ya zamani mkononi, hesabu waya zake, linganisha plagi zake na ile unayouziwa, wala usikubali kuambiwa kuwa zote ni sawa. Ukishafunga, weka mita kwanza, kisha chomeka balbu ya bei rahisi. Televisheni iwe ya mwisho.