Namna ya Kutalii Kwale Kabla Haijapakiwa Melini

Mgeni akivuka kivuko cha Likoni hupelekwa moja kwa moja kwenye mchanga mweupe wa Diani, akapandishwa ngamia, akapigwa picha, akarudishwa hotelini. Hasara tupu. Mchanga uliotangaza jina la Kwale kwa wenye viwanda ni ule wa vilima vya Maumba na Nguluku, na huo haukungoja watalii waje, ulisafiri wenyewe. Fuata mwongozo huu uone vilivyobaki.

1. Anzia Kaya Kinondo
Vua kofia, jifunge kaniki kiunoni, kisha msikilize mzee anayekutembeza. Huruhusiwi kuokota hata jani, achilia mbali kukata fimbo. Mti mkubwa unaweza kuukumbatia upendavyo. Mchumba wako, la. Usicheke. Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, Kinondo ikiwemo, ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na siri ya kudumu kwazo ndiyo hiyo: ukali wa wazee.

2. Pitia Msikiti wa Kongo
Uko pale Mto Mwachema unapoingia baharini, chini ya mibuyu. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita, na bado unaswaliwa. Hakuna mwekezaji aliyewahi kugundua madini ndani ya kuta zake, alhamdulillahi.

3. Kazuru kilima kisichokuwepo
Hiki ndicho kivutio kipya kabisa. Kampuni ya Base Titanium, yenye asili ya Australia, ilipakia shehena yake ya kwanza Likoni mwezi wa Februari 2014. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupendeza: mabomba yakakipiga kilima kwa maji hadi kikaporomoka tope, tope likachujwa, mchanga mzito ukatengwa kuwa ilmenaiti, rutaili na zikoni. Desemba 2024 uchimbaji ukafungwa, madini yakiwa yamekwisha. Familia zilizohamishwa kupisha mgodi zilishazoea kwingine. Kampuni imerudisha udongo na kupanda miti, basi ukiona miche kwenye mistari iliyonyooka, simama upige picha: hapo palikuwa na kilima. Na hapa hakuna mzee wa kukukataza kuokota kitu, maana kilichostahili kuokotwa kimeshaokotwa.

Usihangaike kununua kumbukumbu. Ilmenaiti na rutaili hutengenezewa rangi nyeupe, zikoni huingia kwenye vigae. Ukirudi kwenu, angalia ukuta wa sebule na sakafu ya bafu. Huenda Nguluku ilikutangulia kufika.

4. Kula Gazi, ulipe kisheria
Gazi kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na kina mama wa kijijini ndio wanaoliendesha. Huku wanakijiji wamevumbua biashara ya ajabu: tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mikoko yenyewe haiondoki ilipo. Mnunuzi analipa, mti unabaki. Maumba hawakuijua fomula hii mapema.

Baada ya matembezi, agiza wali wa nazi na samaki, kisha mgawane kama Sheria ya Madini ya 2016 inavyogawa mrabaha: aliyetoka Nairobi asilimia 70, kaunti 20, jamii iliyovua samaki 10. Jamii ikiuliza fungu lake liko wapi, waambie wavute subira, utaratibu unaandaliwa. Watakuelewa, wameizoea kauli hiyo kwa miaka.

5. Malizia Mrima, na uwahi
Mlima Mrima una kaya juu na niobiamu chini, pamoja na madini adimu yanayotafutwa na kila taifa lenye kiwanda. Leseni ya kampuni ya Cortec ya kuchimba hapo ilifutwa mwaka 2013, na kesi yake ya kimataifa dhidi ya Kenya ikatupwa 2018, lakini wageni hawajaacha kuulizia njia. Kuwatambua si kazi: mtalii hubeba kamera, wao hubeba nyundo ndogo na mifuko ya kutilia mawe. Kwa hiyo wenyeji wakikuuliza umefuata nini, jibu upesi kwamba umekuja kutembea tu. Ukisitasita, utaambiwa ufungue begi.