Korongo Liteuliwe Rasmi
Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya barabara

Yah: KUFUNGA BARABARA ZA UMMA MOJA KWA MOJA, KARAGWE NA KYERWA

Kufunga barabara ya umma moja kwa moja ni kuwaondolea watu wote haki ya kupita mahali fulani, na haki hiyo haichakai kwa kutotumika. Tanzania ilirithi kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Mojawapo ni kwamba njia ikishakuwa ya umma hubaki ya umma, hata ikiota nyasi, mpaka ifungwe kisheria. Waingereza wenyewe, kwa sheria yao ya mwaka 1980, huitaka mamlaka iende kwa mahakimu kuthibitisha kuwa njia haihitajiki tena, baada ya kutoa notisi ya siku zisizopungua 28 na kuibandika katika ncha zake zote mbili.

Nchini, msingi ni Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007. TANROADS hushika barabara kuu na za mikoa. Zile za wilaya, tangu Julai 2017, ni za TARURA. Hadhi ya barabara hupandishwa au kushushwa kwa kupitia Bodi ya Barabara ya Mkoa hadi kwa Waziri, si kwa kikao cha chini ya mwembe. Katika ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu eneo bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 1999. Juu ya yote hayo ipo Katiba: ibara ya 17 inalinda uhuru wa kwenda popote nchini, na ya 24 inadai fidia kwa anayenyang'anywa mali yake.

Mwenye kibanja anayesogeza migomba yake hadi katikati ya njia hupenda kuhesabu miaka 12 ili njia iwe yake. Hiyo ni ya mtu binafsi anayedai ardhi yake. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 imeipa Serikali 60. Kibanja kinachowekewa samadi vizuri huweza kufika huko, kwa hiyo hesabu hiyo si ya kuchekwa sana.

Mwombaji wa kufunga barabara asiyefuata lolote kati ya hayo, na ambaye hajawahi kukataliwa, ni korongo. Kazi yake huanza kwenye kalavati lililozibwa na majani ya migomba. Maji ya vuli hukosa mtaro, hukatiza barabara, hula changarawe upande mmoja. Masika yakija, alama ya tairi la kushoto imekuwa shimo la kumfika mtu kiunoni. Fuso la ndizi hugeuzia hapo. Bodaboda huchepukia kwenye kahawa ya jirani, ambaye hakuulizwa wala kufidiwa. Mwishowe vijana hulaza magogo ya mikaratusi na kumtoza kila anayevuka, ingawa ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi hutozwa kwa sheria ya Bunge.

Barabara hiyo haijafungwa. Kisheria ipo, na mkulima wa Kyerwa ana haki kamili ya kupitisha gunia la kahawa hewani. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara kuu, ambayo ilipanuliwa kutoka mita 45 hadi 60, huchorwa alama ya X nyekundu. Korongo lililo katikati ya barabara halijawahi kuchorwa chochote.

Inapendekezwa, Mheshimiwa, korongo liteuliwe rasmi kuwa mamlaka ya barabara. Halidai posho, halihitaji gari la ofisi, na hutekeleza mpango wake wa mwaka bila bakaa. Kwa kuteuliwa, litabanwa na masharti yanayowabana wengine: kubandika notisi katika ncha zote mbili kabla ya mvua, kupokea pingamizi za wanakijiji, kuonyesha njia mbadala na kumlipa mwenye kahawa. Likishindwa, amri yake ibatilishwe na lenyewe lifukiwe.

Pendekezo likionekana gumu, lipo la pili, nalo halihitaji mabadiliko ya sheria: kuzibua kalavati mwezi Agosti.

Nakala: Mvua za vuli, kwa taarifa.