Jinsi ya Kula Sahani Moja na Bibi Yako Mjini Goma

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Huku kwetu bibi ni mke. Msomaji wa Dodoma aliyedhani nitamfundisha kula na mama wa mama yake asiache kusoma; wazee nao wanapenda sambaza, samaki wa ziwa letu.

Pili, sifa zangu za kutoa mafunzo haya. Nina miaka kumi na saba ya ndoa, na zaidi ya kumi kati ya hiyo nilikula peke yangu: kiti changu, sahani yangu, kipande changu cha nyama kikubwa kuliko vya wote, kama mgeni wa heshima ambaye wenye nyumba wanaogopa kumuuliza ataondoka lini. Bibi yangu alikula jikoni na watoto, kwenye sinia, wakicheka mambo ambayo sikuwahi kuyajua. Nikiuliza wanacheka nini, najibiwa, "Hakuna kitu, papa." Halafu kimya. Nikirudi mezani, kicheko kinaanza upya.

Aliyenitoa kwenye kile kiti ni Nyiragongo, volkano yetu. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, maji ya fufu yalikuwa yameanza kuchemka, mara anga la kaskazini likawa jekundu. Tulikimbilia upande wa Sake na umati wa watu, kila mtu na alichoshika. Sisi tulishika godoro, bidoni, sufuria, na sahani moja ya bati ambayo hadi leo hakuna anayekiri kuwa ndiye aliyeibeba. Chumvi hatukubeba. Lava ikasimama pembeni mwa mji, upande wa Buhene, tukarudi. Tarehe 27 serikali ikatuamuru tuondoke tena, na mara ya pili chumvi tukaisahau vilevile. Kwenye safari zote mbili sahani ilikuwa ile ile, na tulikula humo watu wote wa nyumba. Ndipo nilipogundua kwamba bibi yangu anakula haraka kuliko mimi, na kwamba ana hadithi nzuri sana, nyingi zikinihusu.

Sasa, kati ya mlipuko wa 2002 na huo wa 2021 ilipita miaka kumi na tisa. Mume asiyeweza kungoja mlima miaka kumi na tisa ili uje kumkalisha chini na bibi yake, mwongozo wake ni huu.

Anza na pesa, kwa kuwa chakula huanzia mfukoni. Njia iliyozoeleka ni kuacha noti mezani asubuhi, kusema "Upike kitu kizuri," na kutoka haraka kabla ya kuulizwa kizuri gani. Walioshika Kifaransa huiita pesa ya popote, yaani ya mapishi ya nyumbani, na Kiswahili hapo kimewashinda Wafaransa: pesa hiyo kweli hutoka popote. Tangu benki zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, hiyo popote yenyewe imekuwa mbali zaidi. Ukiacha dola, ikague kwanza. Dola yenye mpasuko mdogo kama unywele, mama wa sokoni ataiangalia kwa huruma na kukurudishia, na bibi yako atakurudishia bila huruma. Ukiacha faranga, usiache zile zilizochoka hadi sura ya mnyama haijulikani, chui au mbuzi.

Tena usijisifu kuwa pesa yako ni nyingi. Ziwa letu Kivu lina kina cha mita karibu 480, lakini samaki wanaishi kwenye zile 60 za juu tu; huko chini ni gesi na giza, hakuna oksijeni. Mishahara ya wengi wetu imeumbwa hivyo hivyo. Tunatangaza kina, nyumbani wanaishi na zile sitini.

Halafu makala, yaani makaa. Hapa ndipo waume wanapoumbuka. Muulize mwanaume yeyote wa Katindo au Ndosho habari za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, atakupa hadi majeruhi. Muulize gunia la makala leo linauzwa ngapi Virunga sokoni, atatazama dari. Kwa hiyo zoezi lako la kwanza: Jumapili moja, washa mbabula mwenyewe. Jiko la makala halina kitufe. Utapanga makala, utaweka karatasi, utapuliza, utapepea kwa mfuniko wa sufuria, moshi utakuchagua wewe katika watu wote wa uwanja, na jirani atapita aseme, "Papa, mama yuko mgonjwa?" Mjibu kwamba mama ni mzima. Hatakuamini, na jioni shemeji zako watakuja na matunda kumwona mgonjwa. Yapokee. Matunda yana thamani.

Wenye umeme wanaosema zoezi hili haliwahusu wangoje ukatike wakati maharage yana nusu saa jikoni.

Na hayo maharage yana elimu yake. Goma iko kwenye kimo cha mita karibu 1,500 juu ya bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, si 100 kama tulivyoimba shuleni. Maharage yanayolainika upesi Mombasa, hapa yanakaa jikoni na kukutazama. Mume anayeingia kila dakika kumi kuuliza "Bado tu?" anagombana na fizikia, na fizikia haina mwiko wa kumpiga nao, ila bibi anao. Loweka maharage usiku. Ndiyo, wewe. Ni kazi ya kumimina maji kwenye bakuli, haihitaji diploma, na inapunguza makala kuliko hotuba zote unazotoa kuhusu matumizi mabaya ya makala.

Sombe usiiguse. Namaanisha usiitolee maoni. Jani la muhogo lina sumu, na sumu hiyo hutoka kwa kutwangwa na kuchemshwa sana. Mtu anayedai sombe ipakuliwe mapema kwa sababu mpira unaanza anajiombea sumu mwenyewe. Kazi yako ni kupeleka majani kwenye mashine ya kusaga, kurudi na majani yako na si ya mwingine, na kununua mawese bila kuyamwaga kwenye shati. Nimefaulu mawili kati ya hayo matatu.

Kuhusu kupanga chakula cha wiki, magazeti ya wenzetu yana majedwali yenye rangi. Sisi tuna mwezi. Sambaza si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na hadi leo wanavuliwa usiku, mitumbwi imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zinawaka juu ya maji na wavuvi wanaimba. Samaki huifuata taa. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa lote ni taa, hakuna wa kuifuata yako, na asubuhi ndoo za soko la Kituku zinakuwa nyepesi. Basi mahali pengine duniani mume humshika mkono mkewe akamwonyesha mwezi. Nilijaribu hilo mwaka wa pili wa ndoa. Tulisimama mlangoni, mwezi mkubwa juu ya ziwa, nikasema, "Mama, angalia vile mwezi iko muzuri." Akaangalia. Akasema, "Njo ya maharagi hii." Akaingia ndani kuyaloweka.

Mwezi mpevu basi una maharage, lenga-lenga (mchicha), na kwa siku ambazo mfuko umepona, tomsoni. Huyu ni samaki wa bahari, anafika kwetu akiwa amegandishwa, amesafiri mbali kuliko sisi sote, na anauzwa hatua chache kutoka ziwani. Usitafute mantiki. Mkaange vizuri, weka nyanya, kitunguu na pilipili, mpe pole ya safari.

Na kuna siku ambayo nyote wawili mmerudi mmechoka, hakuna anayetaka kumwona mbabula usoni. Hiyo ni siku ya fromaji, yaani jibini, ya Masisi. Kata vipande, weka mkate, chemsha chai. Maji yakiwa yametoka ziwani na yakatiwa klorini pale ufukoni, chai itakuwa na harufu kidogo ya hospitali, tangawizi inaitibu. Wanaume wengi wa mji huu hujivunia kusema hawawezi kulala bila fufu. Wanaweza. Nimewaona wakilala bila fufu, bila godoro na bila paa, miaka mingi tofauti, na asubuhi waliamka.

Tufike kwenye sahani sasa, maana ndiyo iliyotuleta.

Fufu iwe moja, katikati, yenye moshi. Mboga iwe kwenye bakuli moja. Nawa mikono, na usingoje kuletewa maji kama askofu: nyanyua birika, mmwagie yeye kwanza. Atashtuka. Anaweza kuuliza umefanya kosa gani mjini. Endelea kumwaga. Mara ya tatu au ya nne ataacha kuuliza.

Mega kutoka upande wako, tengeneza kishimo kwa dole gumba, chota. Sisi watu wa Goma tumezaliwa tukijua mipaka. Petite Barrière, ya kuingia Rwanda, tunaivuka kwa karatasi mkononi na mzigo kichwani. Lakini sahani haina barrière. Kipande cha samaki kikihamia upande wa pili, usikidai na usikiombee viza. Atakayekila ni yule aliyekipika, na kisheria nadhani ana hoja.

Kichwa cha samaki kilikuwa changu kwa haki ya baba wa nyumba. Tulipoanza kula pamoja nilikigawa kwa heshima kubwa, nikangoja nishukuriwe. Bibi yangu alinitazama akacheka hadi akaweka tonge chini. Kumbe miaka yote hiyo hakuna mtu nyumbani aliyekitaka. Walikuwa wananipa kichwa kwa sababu mimi tu ndiye niliyedhani ni cheo.

Simu ikae mbali, ndani ya kikapu, chini ya vitenge, popote. Habari za barabara ya Sake, nani ameingia wapi, nani ametoka wapi, zina saa yake, na bibi yako anazijua kabla yako: bei ya viazi sokoni humwambia barabara imefungwa kabla redio haijasema. Mezani mwulize mambo mengine. Mwulize walikuwa wanacheka nini jikoni. Mimi niliuliza tena, baada ya miaka yote hiyo, nikiwa na tonge mkononi. Aliniambia. Kulikuwa na mwigo mmoja, namna ninavyosafisha koo kabla ya kuomba chumvi, na mtoto wetu wa pili ndiye bingwa wake. Alinionyesha palepale. Anafanana nami kabisa, na tangu hapo chumvi naifuata mwenyewe.

Kula taratibu. Nilisema bibi yangu anakula haraka. Nilidhani ni ulafi. Siku moja nikahesabu ni mara ngapi ananyanyuka wakati wa chakula kimoja: maji, pilipili, mtoto analia, sufuria inaungua, mtu anabisha hodi. Mara saba. Mtu anayejua atanyanyuka mara saba lazima ale mbio. Dawa yake ni rahisi mno, hata inaudhi: nyanyuka wewe. Goti langu linalalamika, lakini siku hizi anakula taratibu na ananishinda bado, kwa mazungumzo safari hii.

Hatua ya mwisho ni salongo. Mobutu alitufundisha kwamba Jumamosi raia wote watoke kufagia, na tukafagia. Hakuna rais aliyewahi kuamuru mwanaume aoshe sufuria ya fufu, ndiyo maana wanaume wanasema hawajaambiwa. Basi nawaambia. Sufuria ya fufu haioshwi mara moja. Ijazwe maji, iachwe, ukoko ulegee, kisha isuguliwe. Majirani watakuona, kwa kuwa nyumba zetu za mbao zina mianya na macho. Mmoja aliniuliza kama nimelogwa. Nilimjibu kwa Artikle 15 inayojulikana na kila Mkongo: kila mtu ajipange. Wiki mbili baadaye nilimwona nyuma ya nyumba yake, na ndoo, anasugua, amenigeuzia mgongo. Sikumsemesha. Mwanaume anayejifunza aachwe.

Wali sikuutaja. Bibi yangu ameusoma mwongozo huu na kusema wali ninaopika usifundishwe kwa mtu yeyote.

Leo mwezi umeanza kupungua. Wiki ijayo usiku utakuwa na giza la kutosha, na sambaza watarudi. Nenda Kituku asubuhi na mapema kabla jua halijapanda, beba ndoo yenye mfuniko kwa sababu ya nzi, na usimwamini muuzaji anayekuambia hao wa chini ni wakubwa kama hao wa juu.