Namna ya Kununua Kitunga cha Mama wa Masisi Bila Kujitia Aibu

Mwezi wa tatu huku Kongo ni mwezi wa wanawake. Tarehe 8 Machi inaufungua tu. Vitenge vipya huvaliwa mpaka mwezi uishe, na kati ya hotuba na maandamano hupangwa meza mjini Goma: kwenye bustani za hoteli kando ya Ziwa Kivu, kwenye viwanja vya parokia, kwenye nyua za vyama. Juu ya meza kuna vitunga, nyungo, mikeka, vyungu, mifuko ya kitenge na shanga. Nyuma ya meza wamekaa akina mama wa Kingi, wa Mushaki, wa Masisi-kati, mara nyingine hata wa Walikale. Mbele ya meza uko wewe.

Wewe unajua kununua ng'ombe. Unajua kununua simu, kiwanja, hata jibini ya Masisi, hiyo unaibonyeza na kuinusa kabla hujatoa franga. Lakini ukifika mbele ya kitunga akili yote inakimbia: unakigeuza juu chini, unakivaa kichwani, unapigwa picha, unauliza bei, unashtuka, unaenda zako. Mwongozo huu nimekuandikia wewe, kwa mapenzi, maana bado unafundishika.

Tuanze na mheshimiwa, kwa sababu yeye hutangulia kila mahali. Mheshimiwa, hotuba yako ifupishe. Mama aliyeteremka kutoka Kingi ana saa chache tu za kuuza kabla hajaanza kutafuta gari la kurudi. Kila dakika unayosema kwamba mwanamke ni nguzo ya jamii, nguzo yenyewe imekaa juani na hakuna anayenunua, kwani watu wote wamekatazwa kusogea mezani mpaka umalize. Shuka jukwaani, tembea meza kwa meza, toa pesa. Na kile kitunga kikubwa unachokabidhiwa mbele ya kamera, chenye rangi tatu na kifuniko, kuna mtu alikisuka. Mtafute baada ya picha, umlipe. Usipomlipa, maonyesho ya kumsaidia yamemchukulia kazi yake nzuri kuliko zote, na tena bure.

Wewe mwingine, usiye na walinzi, njoo asubuhi. Shika kitunga kwa mikono miwili. Anza chini, pale katikati ambapo msukaji aliianza kazi: pakiwa pamekaza na duara limetulia, aliyeianza anaijua kazi. Fuata mishono kwa kidole ukipanda. Inua kitunga, kitazame ukikielekeza kwenye jua, uone kama mwanga unapenya pasipotakiwa. Lowesha kidole, sugua mahali penye rangi, uone kama inatoka. Chungu kigonge kwa kifundo cha kidole na usikilize. Kilichopata ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Mama hatachukia ukifanya hivi. Atajua amepata mteja, ataacha kuzungumza na jirani yake na atakugeukia. Kinachomchosha ni yule anayekishika kwa vidole viwili, akasema "ni kizuri sana, mama, endelea hivyohivyo," akapita.

Kuhusu kichwa: kitunga hiki si kofia. Kiache chini.

Sasa bei, na hapa tukae, maana hapa ndipo watu wazima wenye shahada hugeuka watoto. Kabla hujafungua mdomo, jua kitu hiki kilipotoka. Milima ya Masisi iko juu na ina baridi. Mafunjo utayapata mabondeni, lakini mrafia hauoti huko. Rafia hutoka chini, kwenye misitu ya Walikale, na barabara inayoiunganisha Walikale na Masisi ni matope, na mara nyingi ni matope yenye watu wa bunduki. Machi 2025, katikati kabisa ya mwezi wa wanawake, waasi wa M23 waliingia Walikale-kati, wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Barabara ikifungwa, uzi wa rafia nao unakaa huko huko.

Uzi ukishafika, mwezi wenyewe haumsaidii msukaji. Machi ni mwezi wa kulima: msimu wa B umeanza, maharage yanatiwa ardhini, mvua haimngojei mtu. Mchana mama yuko na jembe. Anasuka jioni watoto wakishalala, duara juu ya duara, sindano ikipita na kurudi, na kazi ya leo akiona imepinda anaifumua. Kisha bidhaa iteremke: kwa moto, yaani pikipiki, au juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo Goma imeisimamishia sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Njia yote inashuka mpaka Sake, na kutoka Sake hadi Goma ni kama kilomita 25. Kila bariyeri ya barabarani ina kamba, na kila kamba ina mwenyewe anayetaka kitu.

Basi mfanye hesabu pamoja naye, kwa sauti. Tuseme ametaja dola 15. Toa uzi na rangi. Toa moto, toa gari, toa bariyeri. Toa kiingilio cha meza, kama waandaaji wamethubutu kukitoza. Toa mchango wa chama. Kinachobaki kigawe kwa jioni alizokaa. Ukikuta jioni moja haifikii bei ya bia ya Primus uliyokunywa ulipokuwa ukimngoja rafiki yako mlangoni, usiseme tena neno "ghali" siku hiyo.

Hii haina maana usipatane. Kupatana ni heshima. Anayelipa bila neno humwacha muuzaji akijiuliza kama alitaja kidogo. Mazungumzo yanakwenda hivi:

– Mama, hiki kiko bei gani?

– Dola kumi na tano, papa.

– Yee, mama! Punguza.

– Uko na ngapi, papa?

Hapo usijibu "tatu." Ukijibu tatu umemwambia kwamba jioni zake zote hazina thamani, na atakachokujibu moyoni sikiandiki hapa. Jibu kumi na tatu. Atasema kumi na nne. Mtacheka, utalipa, mtaulizana mvua huko juu imenyesha vipi. Usiombe "bei ya ndugu" kwa sababu tu babu yako alizaliwa Nyabiondo. Ndugu wa kweli ndiye anayeongeza. Na kama umemwita "mama" mara nne katika mazungumzo, mlipe kama mama.

Lipa kwa noti nzuri. Unaishi Goma, unajua dola yenye mchaniko wa ukucha hakuna anayeipokea. Usimletee mama wa kijijini ile uliyoshindwa kuitoa sokoni Virunga, ukitegemea macho yake yamechoka. Njoo na chenji, hasa za franga. Goma ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025 benki zilifunga milango, pesa taslimu zikawa adimu, na noti zilizochakaa zikazunguka mpaka zikapoteza sura. Ukilipa kwa simu, kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, ongeza makato ya kutolea. Yeye ndiye atakayekatwa akienda kuzitoa, na huko anakorudi wakala hayuko kila kona. Neno "nitakutumia kesho" liondoe kabisa kwenye msamiati wa siku hiyo. Kesho yeye yuko mlimani na simu haina mtandao, na wewe unajua hivyo.

Kuna mnunuzi wa aina nyingine, mwenye kofia pana, anayepita meza zote akiuliza kama kitu ni "cha asili kabisa." Akiona kitunga cha nyuzi za plastiki hukunja pua. Mpendwa, sikiliza. Mpaka Februari 2025, maelfu kwa maelfu ya wanawake wa Masisi walikuwa wakiishi kwenye kambi pembeni mwa Goma: Bulengo, Lushagala, Rusayo na nyinginezo. Walifika huko wakikimbia vita, na mwezi huo kambi zikavunjwa, wakaambiwa warudi. Juu ya mawe meusi ya volkano huwezi kukata mafunjo. Mwanamke aliyepoteza bonde lake anasuka kwa anachopata, na mkono unaosuka plastiki ni uleule uliosuka mafunjo: mishono ileile, duara lileile. Kikague kwa kidole na kwa jua kama vile vingine. Kikiwa kimekaza, kinunue. Hicho nacho ni cha Masisi.

Na kwenye pembe ya mwisho, mara nyingi nje ya hema, utamkuta mama Mutwa na vyungu vyake. Ufinyanzi wa wanawake Batwa ni kazi ya zamani sana katika nchi hizi za Maziwa Makuu, na beseni za plastiki na sufuria za alumini zimeunyang'anya soko. Usimwache kwa sababu jua ni kali pale alipopangiwa. Ukimaliza kununua, mtafute mwandaaji umwulize ni nani aliyepanga meza, na kwa nini huyu yuko nje. Uliza mbele ya watu.

Sasa jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Uliza jina. Uliza nani alikisuka, maana anayeuza huenda ni jirani aliyeaminiwa vitunga vya wanawake kumi. Uliza jina lake kamili na kijiji chake, uandike kwenye karatasi, uitie ndani ya kitunga. Mgeni wako akikisifu, taja jina.

Nina sababu, na ipo Walikale penyewe. Mwaka 1956 mtu mmoja wa kabila la Wanyanga, She-Karisi Rureke, aliigiza na kuimba utenzi wa Mwindo kwa siku 12, na mtafiti Daniel Biebuyck akauandika. Kitabu alichokitoa pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969 kinamtaja Rureke kwa jina, ndiyo maana wanafunzi wa ng'ambo ambao hawatakanyaga Walikale wanamjua leo. Sasa tazama upande wa pili wa nchi, Kasai. Vitambaa vya rafia vya Wakuba, ambavyo wanaume husuka na wanawake hutarizi, vimejaa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Henri Matisse, mchoraji Mfaransa, alivikusanya na kuvitundika ukutani kwake, akavitazama miaka mingi. Jina la Matisse tunalo. Jina la kabila tunalo, limeandikwa kwenye kadi chini ya kioo. Jina la mwanamke aliyetia sindano, kwa karibu kila kitambaa, halipo. Alikuwa nalo, bila shaka, na watu wa kwao walimwita kwalo kila siku. Hakuna mnunuzi aliyeliuliza.

Kwa hiyo ukimwona mtu akinunua vitunga 20, akang'oa vikaratasi vya majina ili avipeleke dukani kwake mji mwingine na kuviandika "kazi ya mikono, Afrika," msimamishe. Kwa adabu, lakini msimamishe.

Kama wewe ndiye mwenye duka, karibu sana, wewe tunakuhitaji kuliko wote. Mnunuzi wa kitunga kimoja hulipa chumvi na sabuni. Mnunuzi wa vitunga 50 kila msimu hulipa ada ya shule. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, Janet Nkubana na dada yake Joy Ndungutse, kupitia Gahaya Links, walilipata duka la Macy's la Marekani, likaanza kuuza vikapu vya wasukaji wao mwaka 2005. Mikono ya Masisi haina upungufu wowote ukiilinganisha na ile. Kilichokosekana huku ni barabara iliyotulia na mteja anayerudi. Barabara huiwezi peke yako. Kurudi unaweza.

Ukiagiza, toa avansi, nusu ya bei yote. Usimwambie atumie pesa ya likilimba au ya AVEC, yaani ya kikundi chake cha kuweka akiba, kununulia uzi wako. Ile ni akiba ya wenzake, na ukichelewa kulipa ni yeye atakayeaibika mbele yao. Muda uupange kwa kalenda ya shamba: usitake vitunga 50 mwezi wa tatu. Agiza kazi ifanyike baada ya mavuno, uone jinsi mishono inavyonyooka.

Waandaaji, kwenu ni fupi: meza iwe ya bure kwa anayetoka nje ya mji, soko lifunguliwe kabla ya hotuba, na majina ya wasukaji yaandikwe kwenye lango kwa herufi kubwa kuliko za wafadhili.

Na mkataba uandikwe. Uwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti, kwa jina la msukaji mwenyewe, siyo la mume wake, wala la rais wa chama, wala la mtu aliyewakutanisha. Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya tendo la kisheria. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Mama wa Kingi anaweza kutia sahihi mwenyewe. Mletee karatasi na kalamu.